Mistari ya Makaa Mlangoni kwa Bi Kazija

Mwongo mmoja haupambi harusi. Jana mlimsikia shangazi yenu akimrushia Ruzuna maneno hayo, kwa sababu alimwaga pakiti nzima ya mbegu za maua kwenye tuta moja, siku moja, kisha akajipangusa mikono kama mtu aliyemaliza kazi ya mwaka. Ninyi mkacheka. Mmoja wenu akauliza, mwongo gani huyo, na harusi ya nani? Swali zuri. Kuna mtu aliwahi kujiuliza hilo hilo karibu miezi mitatu, akakonda. Basi acheni kutafuna ubuyu kwa sauti, niwaeleze methali hii ilivyozaliwa. Na mkiitaja, semeni "haupambi". Hiyo u msiimeze, maana aliyeimeza mara ya kwanza alizua kasheshe.

Palikuwa na mwanamke jina lake Sikudhani. Kwao ni Bara, upande wa Tabora, akaolewa na Vuai wa Mtimbani, mji mdogo wa kisiwani. Vuai alikuwa amekwenda Bara kutafuta kazi ya reli, kazi hakuipata, akarudi na mke. Mavyaa wa Sikudhani, yaani mama mzazi wa Vuai, aliitwa Bi Mize. Huyu alikuwa ameshamchagulia mwanawe mchumba wa mtaa wa pili, na habari ya mke wa Bara ilimkuta akiwa amekwisha kununua kanga za kumpelekea huyo wa mtaa wa pili. Hata hivyo, siku mgeni alipoingia alimpokea mlangoni kwa heshima zote.

"Karibu, mwanangu. Nimefurahi kukupata."

Akamkalisha ukumbini, akampa maji ya kunywa, akamuuliza, "Kwenu huko watu wana shughuli gani?"

Sikudhani akatupa jicho nje. Kila nyumba ya Mtimbani ilikuwa na maua mbele ya mlango: rehani, mawaridi, na lile ua jekundu ambalo watu wa pale waliliita kilemba, kwa kuwa limekunjamana juu mfano wa kilemba cha jogoo. Akawaza kwamba akitaja mtama na tumbaku mahali kama pale ataonekana mshamba wa kutupwa. Ulimi ukateleza.

"Kwetu sisi ni watu wa maua, mama."

Uongo mtupu. Ua pekee alilolijua Sikudhani ni ua la boga, na hilo kwao hawalipambi popote, wanalipika kwa karanga.

"Mungu si Athumani," akasema Bi Mize, akapiga kofi moja. "Basi nimepata mtu wa kunipambia harusi ya Tatu."

Tatu alikuwa mdogo wake Vuai, na harusi yake ilikuwa imeshapangwa, siku sabini mbele, katikati ya kiangazi. Sasa lazima mjue desturi ya Mtimbani. Mlango wa bibi harusi ulivishwa mashada ya vilemba tangu siku ya kusingwa, bibi harusi anaposuguliwa mwili kwa manukato, mpaka fungate iishe, na shada likinyauka linaondolewa, linatundikwa bichi. Nyumba ikiishiwa maua kabla ya fungate kwisha, wanawake wa ngoma wanaitungia wimbo. Palikuwa na nyumba moja iliyoishiwa siku ya nne, na wimbo wake ulikuwa unaimbwa bado, ingawa bibi harusi mwenyewe alikuwa na wajukuu. Maua hayanunuliwi, wala hayaombwi mlango kwa mlango. Nyumba inapanda yake. Kwa hiyo Sikudhani alielewa vizuri sana alichokabidhiwa. Vilemba vikikosekana, aibu itampata Tatu asiye na kosa, na yeye mwenyewe atabaki kuwa yule mwanamke wa Bara aliyeiletea nyumba wimbo.

Bi Mize akamtuma kwa Bi Kazija akachukue mbegu.

Bi Kazija alikuwa bikizee jirani, mwenye mbegu bora kuliko wote, na mdomo wake haukukaa bila tambuu. Meno yalikuwa yamebaki matatu. Alimpa Sikudhani kifuko cha kitambaa kimefungwa fundo, mbegu nyeusi ndogo ndogo kama za mchicha, akamwambia kitu huku tambuu ikizunguka shavuni. Sikudhani alichosikia ni hiki:

"Usizimwage zote, mwanangu. Mwongo mmoja hapambi harusi."

"Unasemaje, bibi?"

"Nasema mwongo mmoja hapambi harusi! Kwani huko kwenu Bara hamna mwongo?"

"Tuna... tuna, bibi," akajibu Sikudhani.

"Basi kama mna, unajua mwenyewe. Mie nikufunze nini zaidi?" Akamfungulia mlango.

Sikudhani alirudi nyumbani hajui kama anakanyaga chini. Amejuaje? Neno lile alilisema ukumbini, mbele ya Bi Mize peke yake, na Bi Mize aliliamini. Labda kuna mtu wa Tabora amepita hapa. Labda anasoma macho. Mwenye hatia haachi kushtuka, na huyu alishtuka hata kuku alipolia.

Jioni ile, Vuai alipokuwa anakula muhogo, akamuuliza kwa mbali, "Hivi huyu Bi Kazija ni mtu wa namna gani?"

"Bi Kazija?" Vuai akasema, kinywa kimejaa. "Huyo ni hazina ya mji. Mwongo haingii Mtimbani bila yeye kujua."

Au ndivyo Sikudhani alivyosikia.

"Anajuaje?"

"Anahesabu. Hujaona mlango wake wa uani? Kila mwongo na mstari wake wa makaa." Akaomba maji.

Asubuhi Sikudhani alipokwenda kisimani akautazama mlango wa uani wa Bi Kazija, unaoelekea njia ile. Ni kweli. Mistari ya makaa imepangwa safu, ya zamani imefifia. Akaihesabu: kumi na miwili. Wa kumi na mbili ulikuwa mweusi tii, umechorwa alfajiri ile. Siku zile zile alizopewa mbegu! Hakuwa na haja ya kuuliza ule ni wa nani. Waongo kumi na mmoja wamewahi kuingia mji huu, na wa kumi na mbili ni yeye.

Alifikiri kwenda kukiri. Akafika hata mlangoni kwa mavyaa wake, akamkuta anashona pazia la harusi kwa furaha, akageuka. Fedheha ni mbaya, wajukuu zangu, humfanya mtu mwenye akili zake ajenge nyumba ya hoja juu ya neno moja. Sikudhani alijenga hivi: Bi Kazija hakusema kwamba mwongo hapambi. Amesema mwongo mmoja hapambi, yaani mwongo akiwa peke yake. Basi mwongo akisaidiwa na mtu mkweli, huenda mbegu zikakubali. Akapanda sehemu moja ya mbegu kwenye tuta la nyumbani, kwa mkono wake, watu wamwone anafanya kazi. Zilizobaki akazifunga, akaanza kutafuta mkweli.

Mkweli wa kwanza aliyemjia akilini alikuwa Maalim Ngwali, mwalimu wa chuo cha Kurani. Lakini kumwendea mtu mzima na ombi kama lile si jambo jepesi. Alisitasita siku tisa nzima, mara atoke, mara arudi. Siku ya kumi akajikaza.

"Maalim, nakuomba unipandie mbegu hizi kando ya ua wa chuo. Kwa mkono wako mwenyewe."

"Mimi?" Maalim akashangaa. "Bibi, kazi yangu mimi ni alifu na bee. Mume wako ana nini?"

"Mume wangu hana kitu. Nautaka mkono wako kwa sababu haujapata kusema uongo."

Maalim akautazama mkono wake pande zote mbili, kama anauona leo. Akaona huyu mama ana lake moyoni, na mtu wa namna hiyo habishiwi. Akachukua jembe, akapanda.

Sikudhani akalala unono siku moja. Kesho yake akapita kisimani, akatupa jicho mlangoni kwa Bi Kazija, ndoo nusura imponyoke. Mstari wa kumi na tatu! Mbichi, makaa yake bado yanachafua kidole.

Mgeni hakuingia mjini wiki ile. Hakuna aliyeongezeka kwenye jambo hili isipokuwa Maalim Ngwali. Ina maana Maalim naye...? Astaghfirullahi. Mtu anayefundisha watoto wa watu! Tangu siku hiyo Sikudhani kila akipita chuoni alimwangalia Maalim kwa huruma kubwa, na Maalim, ambaye hakujua amekosa nini, akaanza kukwepa njia ile.

Lakini mbegu zilikuwa zimebaki fungu moja, na harusi haingoji. Safari hii alitafuta mtu ambaye hata akitaka kudanganya hawezi. Alikuwapo mmoja tu Mtimbani: Shaame, msokota kamba, bubu tangu kuzaliwa. Ulimi ambao haujatoa neno, uongo utautolea wapi? Zikapita siku chache za kutafuta namna ya kumweleza. Mwishowe akaenda na kifuko, akaonyesha mbegu, akaonyesha ardhi, akaonyesha moyo, akaonyesha mbingu. Shaame akaelewa mbegu na ardhi, yaliyobaki akayaacha. Akatifua nyuma ya banda lake la kamba, akazifukia vizuri kuliko wote.

Siku mbili baadaye ukachorwa mstari wa kumi na nne.

Sikudhani alisimama njiani na ndoo kichwani, maji yanamchirizika usoni. Shaame? Shaame amedanganya nini? Kwa njia gani? Kichwa kikamvurugika kabisa. Akawaza labda Bi Kazija mwenyewe ndiye mwongo na anajichorea. Akawaza labda mji mzima. Mbegu zimekwisha, wakweli wamekwisha. Akaona sasa limebaki la Mungu, akaenda kumwagilia maua yake, na kwa kuwa aliowapandisha aliwaonea haya, akayamwagilia na yao.

Siku zikaenda. Wiki moja kabla ya harusi tuta la nyumbani likachanua, vilemba vyekundu vimesongamana, vimesimama wima. Bi Mize akawaleta wageni kuviona. Tatu akamkumbatia wifi yake. Sikudhani akaanza kuamini kwamba yamepita.

Kumbe hayajapita. Siku nne kabla ya kusingwa ikaja habari kwamba bwana harusi ameshikwa na tetekuwanga, mwili mzima, mpaka kwenye kope. Haiwezekani kumtoa mbele za watu hali ile. Wazee wa pande mbili wakakaa, harusi ikasogezwa mbele siku ishirini na mbili.

Bwana harusi anaweza kungoja, ua halingoji. Jua la kiangazi likaliwakia tuta la nyumbani. Vilemba vikafifia kutoka wekundu kwenda ukahawia, vikakauka, vikaanza kupukutisha mbegu. Vyote kwa pamoja, kama vilivyochanua kwa pamoja. Siku mbili kabla ya kusingwa Bi Mize akaja na kisu na ungo kukata maua ya mashada. Alisimama mbele ya tuta, hakukata kitu. Nyuma yake walikuwa Bi Kazija na wanawake watano wa mtaani waliokuja kusaidia kutunga, na katika hao watano wawili walikuwa waimbaji wa ngoma.

"Mwanangu," akasema Bi Mize polepole, "ndiyo haya?"

Sikudhani akamwona Tatu dirishani, anachungulia, mikono imepakwa hina ya majaribio. Akasema, "Yako mengine, mama. Lakini sijui kama yatafaa." Akatangulia, wanawake wakafuata.

Kando ya ua wa chuo vilikuwapo vilemba vya Maalim, vimekomaa, vya kutosha siku za mwanzo. Na nyuma ya banda la Shaame, jamani! Palikuwa pekundu tupu, mengine ndiyo kwanza yanafumbuka, maua ya kufika mwisho wa fungate na kubaki. Maalim Ngwali alikuwa amewafuata kwa mbali kujua kuna nini, na Shaame alisimama na kamba yake mkononi, ameduwaa.

Bi Mize akauweka ungo chini. Akapiga kigelegele, akamshika Sikudhani mabega.

"Wanawake wenzangu, njooni mwone! Kumbe alipanda mara tatu, akatia miongo kati yake, wala hakujitapa hata siku moja! Mie nilikwisha kufa kwa hofu bure. Kweli kwao ni watu wa maua!"

Kama Sikudhani angenyamaza hapo, mambo yangekwisha, na ninyi msingekuwa na methali. Alikuwa na harusi mkononi, na sifa juu yake. Lakini sifa ile aliona si yake. Akakaa chini mchangani.

"Usinisifu, mama. Mimi ndiye mwongo."

"Mwongo?"

"Yule anayesemwa na Bi Kazija. Mstari wa kumi na mbili ni wangu. Wa kumi na tatu ni wa Maalim, nami nasikitika. Lakini wa kumi na nne, Bi Kazija, nakuomba uufute. Shaame hajasema neno tangu azaliwe!"

"Mie nimetiwa mstari?" Maalim Ngwali akapaza sauti. "Mstari wa nini?"

"Ngoja, ngoja," akasema Bi Kazija. "Nani kakwambia mambo hayo?"

"Wewe, bibi. Siku uliponipa mbegu. Ulisema mwongo mmoja hapambi harusi."

Bi Kazija akatema tambuu, jambo ambalo wenyewe wanasema hawakupata kumwona akilifanya mbele za watu. Akapangusa mdomo ili kila herufi ipite.

"Ha-u-pambi! Haupambi, mtoto wee! Mwongo ni siku kumi! Toka Siku ya Mwaka, mwanzo wa mwaka wa wakulima, mie nahesabu siku kumi kumi, ndivyo tulivyofunzwa kulima. Zikitimia kumi ni mwongo mmoja, nachora mstari. Nilikwambia mbegu usizitie zote katika mwongo mmoja, zitachanua pamoja na kufa pamoja. Tia kidogo sasa, mwongo ukiisha tia nyingine, ukiisha tena tia nyingine. Harusi ikiwahi, ua lipo. Ikichelewa, ua lipo."

Wanawake walicheka mpaka wengine wakaegemea banda. Maalim akautazama tena mkono wake, akacheka naye. Shaame akacheka kwa kuwaona wenzake wanacheka. Sikudhani pale chini alikuwa bado anageuza neno kichwani, siku kumi, siku kumi, mistari, Vuai na muhogo wake, na kila alipolishika upande mmoja upande wa pili ukamponyoka.

Bi Mize peke yake hakucheka.

"Kwa hiyo kwenu si watu wa maua," akasema.

Kicheko kikakatika.

"Si watu wa maua, mama. Tunalima mtama na tumbaku. Maua ya maboga tunayala. Nilikudanganya siku ya kwanza, niliogopa usinitake."

Sikudhani akaanza kufikiri atafunga nguo zake katika nini, na Vuai atamwambiaje.

"Siku ile mlangoni," akasema Bi Mize, "mie nilikwambia nini?"

"Uliniambia umefurahi kunipata."

"Sikufurahi. Nilikuwa nimenuna mpaka kwenye maini. Nilikukalisha ukumbini huku nikiomba mpate kugombana mwezi huo huo." Akachuchumaa, akamshika mkono. "Nilikudanganya mlangoni, kabla hujanidanganya ukumbini. Leo ndiyo nimefurahi. Inuka, mwanangu, tukate maua."

Bi Kazija alikuwa ameshaanza kukunja tambuu nyingine. "Alaa!" akasema. "Kumbe waongo walikuwa wawili. Ndiyo maana harusi imepambika."

Walikata maua wakilia na kucheka. Vilemba vya Maalim vikavishwa mlango siku za mwanzo, vya Shaame vikaendelea mpaka fungate ikaisha, na wimbo uliotungwa na wale waimbaji wa ngoma haukuwa wa aibu. Ulikuwa na maneno ya Bi Kazija, na u yake ikivutwa kwa makusudi, ili asipatikane mtu mwingine wa kuhangaika kama Sikudhani.

Tangu hapo watu wakalitoa neno bustanini. Mtu akitaka mavuno yote kwa kupanda mara moja, akitaka mtoto ajue kusoma kwa juma moja, akitaka mkwe apendwe siku aliyoshuka, wakamwambia hilo. Basi Ruzuna, kama zimebaki mbegu zozote kwenye pakiti, zihesabie siku kumi. Mwongo mmoja haupambi harusi.